UZI: Furu wawili, jiwe moja, maji yale yale. Kwa nini hawachanganyiki, na nini kinatokea wakianza kuchanganyika?

#1 Jiwe la Ukerewe

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aurudie jioni akiwa ametulia.

Nimezaliwa Ukerewe, na sasa nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya spishi mpya, vitabu vinanipeleka Galapagos kwa ndege wenye midomo tofauti. Wanafunzi wanakariri, wanajibu mtihani, wanasahau. Inaniuma, maana hatua chache kutoka darasani kuna ziwa lililozaa spishi nyingi kwa muda mfupi kuliko karibu mahali pengine popote panapojulikana duniani. Leo nataka tulisomee hapa hapa, kwa samaki ambaye kila aliyekulia ziwani amemshika mkononi: furu.

Nianze na nilichokiona mwenyewe. Utotoni tulikuwa tunavua furu kwenye mawe kwa ndoano ndogo na minyoo. Siku moja nikamvuta mmoja wa rangi ya udongo, mashavu yametuna. Mjomba akanishika mkono: "Huyo usimtupe kwenye kapu, ana watoto." Akambonyeza taya polepole juu ya ndoo ya maji, vikatoka vitoto vidogo kama punje za ulezi, macho makubwa kuliko mwili. Akamwachia mama yao humo humo ndooni, akaniambia nitulie. Baada ya kitambo vile vitoto vikamrudia, vikaingia mdomoni kimoja baada ya kingine.

Ndivyo furu wanavyolea. Dume husafisha mahali pake kwenye mawe, hujipamba rangi na kucheza mbele ya majike. Jike akimkubali, hutaga na papo hapo huyaokota mayai kwa mdomo. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la nyuma chini ya tumbo, ya duara kama mayai. Jike huyadonoa yale madoa na hapo ndipo anapopokea mbegu, mayai yakarutubishwa ndani ya mdomo wake. Baada ya hapo dume hana kazi tena. Kwa hiyo jike ndiye mwenye gharama yote, na uamuzi wa nani awe baba ni wake. Naomba hili mlishike, kila kitu kinachofuata kinatoka hapo.

Furu wa Ziwa Victoria wanakadiriwa kuwa zaidi ya spishi 500. Wapo wanaokwangua mwani juu ya mawe, wanaovunja konokono, wanaokula dagaa, wanaokula furu wenzao, na wapo wanaoishi kwa kunyang'anya majike wengine mayai na vitoto mdomoni. Na ziwa lenyewe ni changa. Tope lililochimbuliwa sakafuni mwake lina alama za nchi kavu: ziwa lilikauka, na maji yakarudi karibu miaka 15,000 iliyopita. Hesabu za miaka ya kutengana kwa spishi huwa ni laki na mamilioni. Hapa ni 15,000.

Wawili kati yao ndio wa uzi huu. Mmoja anaitwa *Pundamilia pundamilia*, mwingine *Pundamilia nyererei*. Ndiyo, jina la jenasi ni Kiswahili chetu, kwa sababu ya mistari, na huyo wa pili amepewa jina la Mwalimu. Walioandika maelezo yake ya kisayansi mwaka 1985 ni Witte-Maas na Witte, watafiti Waholanzi. Timu yao ilikuwa imeanza kazi Mwanza mwaka 1977. Dume wa kwanza ana rangi ya kijivu na buluu. Dume wa pili ni mwekundu mgongoni, ubavu wa manjano wenye mistari myeusi. Majike wao wote ni wa rangi ya udongo, hata mtaalamu huhangaika kuwatofautisha.

Kwenye kisiwa cha Makobe wanaishi jiwe moja. Hakuna mlima kati yao, hakuna mto, hakuna ukuta, na bado hawachanganyiki. Niwaachie kwanza swali: kinachowazuia ni nini? Naendelea chini.

#2 Mdadisi wa Kigoma

Nimeweka kiti, mwalimu. Ila nianze kwa kukubishia. Shuleni tuliambiwa spishi ni viumbe wanaozaliana wakapata watoto wanaoweza kuzaa. Je, hawa wakikutanishwa kwa nguvu wanazaa? Kama wanazaa na watoto nao wanazaa, basi ni samaki mmoja wa rangi mbili, kama binadamu weupe na weusi.

#3 Jiwe la Ukerewe

Mdadisi, umegonga penyewe. Ndiyo, wanazaa. Maabara wamewekwa pamoja, wamepata chotara, na chotara wanakua na kuzaa vizuri tu.

Lakini fasili ya Ernst Mayr ya mwaka 1942, ambayo ndiyo mama wa hiyo ya shuleni, haikuishia kwenye kuweza kuzaa chini ya amri ya mtu. Inauliza kama kule wanakoishi makundi haya yanaoana au yametengana kiuzazi. Binadamu wa rangi mbili wakiwekwa kijiji kimoja, baada ya vizazi vichache huoni mpaka. Furu wa Makobe wako kijiji kimoja kizazi baada ya kizazi, na jeni zao zinaonyesha makundi mawili. Ndiyo maana mfano wa binadamu haukai hapa.

Sasa jibu la swali langu: kinachowazuia ni jicho la jike.

Watafiti, akiwemo Ole Seehausen, walimweka jike kwenye tanki lenye madume wawili, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu, kila mmoja kwenye chumba chake. Chini ya mwanga mweupe jike alimfuata dume wa spishi yake. Wakabadilisha taa, wakaweka mwanga wa rangi moja ya machungwa, ambao chini yake nyekundu na buluu hazitofautiki. Jike yule yule akaanza kuwajibu madume wote bila kubagua. Mpaka wote kati ya spishi mbili ukawa umeondolewa kwa kubadilisha taa.

Tuondoke maabara, twende ziwani. Maji yenye chembe hula kwanza mwanga wa buluu. Kadiri unavyoshuka, kinachobaki ni manjano na nyekundu. Furu wa buluu hukaa zaidi juu, na wa Nyerere hushuka chini zaidi kidogo. Na macho yao yametofautiana vivyo hivyo: kuna jeni inayotengeneza kipokezi cha mwanga wa upande wa nyekundu kwenye jicho, na kila mmoja ana toleo lake. La furu wa Nyerere limesogea kuelekea nyekundu kwa nanomita kama 15 tu. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2008. Kwa hiyo jike wa chini anaona nyekundu vizuri zaidi, dume mwekundu anang'aa machoni pake, anamchagua, watoto wanarithi jicho la mama na rangi ya baba. Juu hali ni hiyo hiyo kwa buluu. Vizazi vikipita, jicho na rangi vinakwenda pamoja na makundi yanaachana, bila hata mmoja kuhama jiwe.

Chakula nacho kinasaidia: wa Nyerere anakula zaidi vijidudu vinavyoelea majini, mwenzake anaokota wadudu wa kwenye mawe. Ila mlinzi wa mpakani ni jicho.

#4 Mama Kulwa

Mwalimu nakusoma kwa makini, mimi mfanyabiashara wa samaki Mwanza. Nimekwama kwenye neno moja. Umesema kila kitu kinategemea jike aone rangi. Huku kwetu maji siku hizi ukitumbukiza mkono huoni vidole. Sasa huyo jike anaona nini?

#5 Jiwe la Ukerewe

Mama Kulwa, hilo swali ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Watafiti hupima uangavu wa maji kwa sahani ya duara iliyofungwa kamba. Unaishusha polepole mpaka macho yaipoteze, unasoma urefu wa kamba. Makobe, kwenye maji ya wazi, sahani ilishuka zaidi ya mita 2 kabla ya kupotea. Ukiingia ndani ya Ghuba ya Mwanza unapita visiwa vya Python, halafu Kissenda, na maji yanazidi kuwa mazito. Ndani kabisa, kisiwa cha Luanso, sahani ilipotea kwenye nusu mita hivi.

Na samaki wanafuata sahani. Makobe madume ni wekundu au wa buluu, wa katikati ni nadra. Kissenda na Python wa katikati wanaonekana. Luanso hakuna tena makundi mawili; kuna kundi moja lenye rangi za kila namna, wekundu hafifu, kijivu, manjano, na jeni zao hazijagawanyika. Mawe ni yale yale, chakula kipo. Kilichopungua ni mwanga.

Seehausen na wenzake, Jacques van Alphen na Frans Witte, waliandika hili mwaka 1997: kuchafuka kwa maji kunafuta spishi kwa kuziunganisha. Udongo unaosombwa kutoka mashambani, misitu iliyokatwa kando ya mito, maji taka ya miji, rutuba inayolisha mwani mpaka maji yanageuka kijani, vyote vinaingia katika kitanda cha ndoa cha furu.

Watu wanapozungumzia furu kupotea wanamtaja sangara, na ni kweli. Aliletwa miaka ya 1950, akalipuka miaka ya 1980, na inakadiriwa spishi kama 200 za furu zilitoweka. Lakini sangara akimla furu, unamkuta furu tumboni mwake. Hili la tope halina mzoga. Mvuvi anarudi na furu wengi kapuni, anasema furu wapo, na hakosei. Waliopungua ni aina zao. Spishi imekwisha na hakuna samaki aliyekufa.

#6 Nyar Homa

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Niko upande wa Kenya, Homa Bay. Sisi tunawaita fulu, na Waganda wanawaita nkejje. Ghuba yetu ya Winam ni ya maji mazito sana, kwa hivyo hii stori imenigusa. Nyanya yangu alikuwa anawatenga fulu kwa majina wakati wa kuwaanika, huyu wa mawe, huyu wa matope, huyu wa kuvunja konokono. Mamangu anajua majina mawili. Mimi najua moja.

#7 MtegaMbu

Wakuu, naongeza ya upande wangu, nafanya kazi na mbu maabara. Furu wa mwalimu wana mpaka wa mbele tu, kabla ya utungisho. Mbu wetu wana mpaka wa mbele na wa nyuma pia.

Kuna *Anopheles gambiae* na *Anopheles arabiensis*. Hata ukiwa na hadubini nzuri huwatofautishi kwa umbo, inabidi kipimo cha DNA. Kwa miaka mingi walihesabiwa mbu mmoja. Waliokuja kugundua ni mbu kadhaa waligundua kwa kuwazalisha pamoja: watoto wa kike walikuwa wazima na wanazaa, watoto wa kiume walikuwa tasa. Nimewahi kumpasua dume wa namna hiyo. Kwa nje ni mbu kamili, anaruka vizuri. Ndani korodani ni nyembamba kama uzi wa buibui, na chini ya lenzi hakuna mbegu inayocheza.

Sababu yake naipenda kuieleza kwa kufuli. Babu mmoja alikuwa na kufuli na ufunguo wake. Wajukuu wakahamia nyumba mbili. Wa nyumba ya kwanza, polepole, wakabadilisha kufuli na ufunguo vikaendelea kuelewana. Wa nyumba ya pili nao hivyo hivyo. Hakuna nyumba iliyowahi kukosa mlango unaofunguka. Lakini chukua kufuli la huku na ufunguo wa kule, mlango haufunguki. Jeni zilizobadilika kila moja kwao zinakutana mara ya kwanza ndani ya chotara. Na madume ndio wanaoumia kwa sababu wana kromosomu X moja tu, hakuna ya pili ya kuficha kasoro. J. B. S. Haldane aliliona hilo kwa wanyama wengi akaliandika mwaka 1922: jinsia yenye kromosomu mbili zisizofanana ndiyo inayotangulia kudhurika.

Hili si la vitabuni tu. Vyandarua vilipoenea, gambiae anayependa kuuma ndani usiku alipungua sana sehemu nyingi za nchi yetu. Arabiensis anauma nje pia, na ng'ombe kwake ni chakula, hivyo amebaki. Wangekuwa spishi moja, tungekuwa tunajiuliza mpaka leo kwa nini chandarua kinafanya kazi nusu.

#8 Jiwe la Ukerewe

MtegaMbu, hilo la kufuli nalichukua darasani Jumatatu, kwa ruhusa yako.

Na linanisaidia kumjibu Mdadisi zaidi. Mipaka hii mara nyingi haiji yote siku moja. Furu wametengana juzi, kwa hiyo kufuli zao bado zinafanana na kilichopo ni jicho tu. Mbu wako wameachana muda mrefu zaidi. Farasi na punda wameachana zaidi ya hapo: farasi ana kromosomu 64, punda 62, mtoto wao nyumbu anabeba 63 na karibu siku zote hazai. Farasi na punda hata mtu akiwafungia zizi moja miaka yote hatawaunganisha tena. Furu unaweza kuwaunganisha kwa tope. Spishi changa ndizo zenye mpaka mwembamba.

#9 Ndaga wa Tukuyu

Wana jukwaa, nyanda za juu tusisahauliwe. Kwetu Rungwe kuna Ziwa Masoko, wengine tunaliita Kisiba, ziwa la kreta. Upana wake ni kama mita 700, unaweza kumwita mtu wa ng'ambo akageuka. Mwaka 2015 ilichapishwa kazi ya Milan Malinsky na wenzake juu ya samaki wa humo, ndugu wa mbali wa furu wenu. Walikuta wawili wanaachana sasa hivi: madume wa manjano kwenye kina kifupi karibu na ukingo, na madume wa buluu iliyokolea chini, mita 20 na zaidi, kwenye giza. Kutengana kwao kunakadiriwa kumeanza ndani ya miaka 1,000 hivi. Na jeni zinazotofautiana hazijatawanyika sawa, zimekusanyika kwenye visiwa vichache vya DNA, na baadhi ya hizo zinahusu kuona. Jicho tena, mwalimu.

Mimi nimeogelea pale nikiwa mdogo, sikujua kama chini ya miguu yangu kuna kazi inaendelea.

#10 Mdadisi wa Kigoma

Ndaga, ahsante. Mwalimu, nimekubali la fasili. Nina la mwisho. Nimesoma mahali kwamba furu wa Victoria wenyewe asili yao ni chotara. Kama ni kweli, kwa nini uchotara wa Luanso uwe msiba?

#11 Jiwe la Ukerewe

Ni kweli, na sikutaka kulipita. Mwaka 2017 Joana Meier na wenzake walionyesha kwamba furu hawa wanatokana na koo mbili zilizokutana zamani, muda mrefu kabla ziwa halijakauka: mmoja wa upande wa Kongo, mwingine wa Nile ya Juu. Walipochanganyika, chotara walibeba matoleo mengi ya jeni, yakiwemo yale mawili ya kipokezi cha jicho niliyoyataja. Ndiyo maana miaka 15,000 ilitosha. Hawakusubiri kila badiliko lizaliwe upya, waligawana waliyorithi.

Tofauti naiona hivi. Wale chotara wa kale waliingia katika ziwa jipya lenye nafasi tupu za kila namna, na maji yaliyowaruhusu majike kuchagua. Mchanganyiko ukagawanyika tena kuwa mamia. Chotara wa Luanso wako kwenye maji yasiyoruhusu kugawanyika. Maji yakisafishwa mapema, matoleo ya jeni bado yamo ndani ya kundi na huenda rangi zikaachana tena. Lakini hazitarudi lazima zile zile. Na jeni zikishapotea humo, kusafisha maji hakutazileta. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

#12 Mama Kulwa

Mwalimu, jana nilikwenda kwa dada yangu Sengerema. Nikachukua sahani nyeupe ya bati, nikatoboa matundu matatu, nikafunga kamba yenye fundo kila nusu mita, na jiwe chini yake izame. Mwenye mtumbwi alinipeleka mpaka kwenye mawe. Saa sita mchana, jua kali, hakuna wimbi. Fundo la kwanza lilizama, na sahani ikapotea kabla fundo la pili halijagusa maji. Nimerudia mara tatu, ni vile vile.

Mtoto wa dada alivua furu wanne pale pale. Watatu wa rangi ya udongo. Mmoja dume, madoa ya manjano kwenye pezi yapo, mgongo una wekundu kama wa kutu, ubavu kijivu. Si huyu na si yule. Nimempiga picha akiwa bado hai ndani ya beseni, kisha tukamrudisha.

#13 Jiwe la Ukerewe

Mama Kulwa, umenifanya nisimame kwenye kiti. Kwa rangi peke yake sithubutu kusema ni chotara, lakini weka picha hapa jukwaani. Andika na jina la yale mawe kama wanavyoyaita wenyeji, tarehe na saa. Na sahani usiitupe. Likizo ya Juni nitakuja na wanafunzi kumi, tuanzie hapo hapo ulipopima, twende kisiwa kwa kisiwa mpaka maji yaangaze.